Jumuiya ya Ujifunzaji ya walimu: maana yake, na kwa nini si kikao

Walimu wa shule za msingi Dar es Salaam wameshazoea vifupisho viwili: MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, na JzU, yaani Jumuiya za Ujifunzaji. Wengi huvitaja kana kwamba ni kitu kimoja. MEWAKA ni mpango mzima: una mafunzo ya ndani ya shule, ya ngazi ya kata au klasta (kundi la shule jirani), na ya mwalimu kujisomea moduli za Taasisi ya Elimu Tanzania mtandaoni. JzU ni kikundi cha walimu ambamo ile sehemu ya ndani ya shule hufanyika.

Kwa vitendo, ni walimu wachache, tuseme wanne hadi wanane, wa somo moja au madarasa yanayokaribiana. Wanachukua tatizo moja la wanafunzi na kuandaa pamoja somo moja la kulitatua. Mmoja analifundisha wenzake wakitazama, kisha wanalirekebisha na kulifundisha tena kwenye mkondo mwingine. Wajapani wana utaratibu wa jinsi hii, huuita jugyo kenkyu. Pasipo somo lililofundishwa na kutazamwa, kilichobaki ni kikao.

Utaratibu tuliouzoea ni semina ya ngazi kwa ngazi: wawezeshaji wa taifa wanawafundisha wa mkoa, wa mkoa wanawafundisha wa wilaya, mpaka mwalimu mmoja anarudi shuleni na makabrasha na kuombwa awape wenzake mrejesho. Siku tano za semina zinageuka dakika 20 ofisini. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Marekani Bruce Joyce na Beverly Showers walieleza kuwa mwalimu anaweza kuielewa mbinu vizuri kwenye mafunzo na bado asiitumie darasani, kama hakuna wa kumsaidia anapoijaribu.

Tatizo la kuanzia lazima liwe dogo kiasi cha kuonekana kwenye daftari la mtoto. "Wanafunzi hawajui hisabati" ni malalamiko tu. Chukua Darasa la Pili: walimu wanakusanya madaftari na kukuta 31 − 17 imejibiwa 26. Jibu hilo lina mantiki yake. Kwenye mamoja mtoto ameona 1 haitoshi kutoa 7, akageuza, akatoa 1 kwenye 7 na kupata 6. Kwenye makumi akatoa 1 kwenye 3 na kupata 2. Kutoa anajua. Anachoamini ni kwamba ndogo ndiyo hutolewa kwenye kubwa, na huenda aliambiwa hivyo Darasa la Kwanza. Ukimpa maswali kumi mengine ya aina hiyo unamzoesha kosa.

Basi wanakubaliana kutumia vijiti: mafungu matatu ya kumi na kijiti kimoja. Saba haitoki kwenye kimoja, kwa hiyo fungu moja linafunguliwa, vijiti vinakuwa 11, unatoa 7 vinabaki 4. Mafungu mawili yaliyobaki unatoa moja, jibu 14. Kwenye andalio la somo inapendeza. Kisha mtu anauliza idadi. Uwiano unaotakiwa kitaifa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini pembezoni mwa jiji darasa la watoto 100 si ajabu. Makundi ya watano watano ni 20, kila moja vijiti 31, jumla 620, na kipindi ni dakika 30. Kuvigawa tu kutakula nusu yake. Kwa hiyo vifungwe kwa mipira jana yake, viwekwe kwenye mifuko 20, na viongozi wa makundi waichukue wakati wa kuingia. Mwezeshaji wa semina hawezi kukuambia hayo. Yeye halijui darasa lako.

Watazamaji wawili au watatu wanatosha. Wanakaa kando ya watoto na kuandika anachofanya mtoto: nani amefungua fungu, nani anahesabu kijiti kimoja kimoja (huyo bado hajaiona kumi kama fungu), nani anamtazama mwenzake tu. Sauti na mwandiko wa mwalimu haviwahusu. Wakaguzi siku hizi ni wathibiti ubora wa shule, ila woga wa mtu aliyekaa nyuma na kalamu haujabadilika. Mwalimu akihisi anapimwa, atafundisha somo ambalo watoto walishalijua jana. Ndiyo maana kwenye mjadala aliyefundisha huanza yeye kusema, na mwalimu mkuu akihudhuria, fomu ya tathmini aiache ofisini. Mjadala ufanyike siku ileile, nusu saa. Ukianza kusikia "hongera mwalimu, somo lilikuwa zuri", ujue umekwisha.

Kinachoua JzU nyingi jijini ni muda. Shule ikiingia kwa awamu mbili, mwalimu wa asubuhi anawahi daladala na wa mchana ndiyo kwanza anafika. Lakini awamu hizo hizo zina faida ambayo haitumiwi: somo lililofundishwa asubuhi linaweza kurekebishwa na kurudiwa mchana. Kinachohitajika ni saa hiyo kuandikwa kwenye ratiba ya shule, kwa kuwa mwalimu anayetakiwa abaki hadi saa kumi na moja bila posho ana haki ya kununa.

Kumbukumbu nazo huharibika mapema. Muhtasari wenye mahudhurio, ajenda na saa ya kufunga unamfaa anayekagua faili. Daftari la JzU linahitaji kurasa mbili: lile jibu la 26 lilivyonakiliwa, andalio la kwanza, kilichobadilishwa na sababu yake, na idadi ya watoto ambao wiki mbili baadaye bado wanaandika 26. Mwalimu atakayepangiwa Darasa la Pili Januari ataanzia hapo.