Phillip Tobias na kazi ya kupima fuvu lililovunjika

Wanafunzi wa udaktari ninaowafundisha anatomia huniuliza mara kwa mara kama bado kuna la kutafiti katika somo ambalo karibu kila mfupa na mshipa wake ulikwishapewa jina zamani. Mfano ninaoupenda kuwapa ni wa Phillip Tobias, ambaye alifundisha wanafunzi wa udaktari Johannesburg kwa miongo kadhaa na wakati huohuo akaandika maelezo ya visukuku maarufu kuliko vyote vilivyopatikana Tanzania.

Tobias alizaliwa Durban mwaka 1925, mwaka uleule ambao Raymond Dart, profesa wa anatomia katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, alitangaza fuvu la mtoto wa Taung, kisukuku cha kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu kilichopatikana Afrika Kusini. Alisoma kwa Dart, akaandika tasnifu kuhusu kromosomu za panya wa jangwani, na mwaka 1959 akamrithi mwalimu wake kama mkuu wa idara. Julai mwaka huo Mary Leakey aligundua huko Olduvai, Tanzania, fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu lililoitwa Zinjanthropus. Mwezi uliofuata, katika kongamano lililofanyika Leopoldville (sasa Kinshasa), Louis Leakey, mume wa Mary, alimwonyesha Tobias fuvu hilo, na hatimaye akamkabidhi kazi ya kulieleza. Kitabu kilitoka mwaka 1967.

Miaka minane kwa fuvu moja huonekana mingi kwa asiyejua kazi yenyewe. Ili kujua ukubwa wa ubongo, fuvu zima hujazwa mbegu ndogo, kisha mbegu hizo hupimwa ujazo wake, na shughuli imekwisha. Fuvu lililovunjika halikubali njia hiyo: vipande huunganishwa kwanza, umbo la ndani hutolewa kwa plasta, na sehemu zilizopotea hukamilishwa kwa kufuata mkunjo wa mfupa uliobaki. Hapo ndipo ujuzi wa chumba cha kupasulia maiti unapohitajika, kwa sababu aliyezoea kuona mahali ambapo mishipa ya utando wa ubongo huchora mifereji yake ndani ya fuvu, na mahali ambapo mishono ya mifupa hupita, hakamilishi plasta kwa kubahatisha. Kwa Zinjanthropus, Tobias alipata takriban sentimita za ujazo 530.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa ile ya mabaki ya kijana aliyegunduliwa na Jonathan Leakey, mtoto wa Louis na Mary, huko Olduvai mwaka 1960, yaani mifupa ya utosi, taya la chini na baadhi ya mifupa ya mkono. Kutokana na utosi peke yake Tobias alikadiria ubongo wote kuwa karibu sentimita za ujazo 680. Louis Leakey aliamini mapema kwamba huyu alikuwa binadamu wa jenasi yetu, Homo, lakini Tobias alisitasita kwa miaka kadhaa, na kwa maoni yangu kusita huko kulimpa heshima kuliko ugunduzi wenyewe. Mwaka 1964 wawili hao, pamoja na John Napier, walitangaza spishi ya Homo habilis.

Kulikuwa na kikwazo. Mwanaanatomia Arthur Keith alikuwa amependekeza kwamba ubongo wa jenasi ya Homo usipungue sentimita za ujazo 750, nao wakaushusha mpaka huo hadi 600. Mwanaanatomia mwingine, Wilfrid Le Gros Clark, alikuwa miongoni mwa waliopinga spishi hiyo mpya. Lawama kwamba mpaka ulisogezwa ili mfupa upate kuingia haikuwa ya kipuuzi hata kidogo, na Tobias aliijibu kwa vipimo, katika kitabu kikubwa kilichochapishwa mwaka 1991. 

Tobias alifariki mwaka 2012. Miaka mitatu baadaye timu ya mtafiti Fred Spoor iliyaunda upya mabaki ya kijana yule kwa kompyuta, ikakadiria ujazo wa ubongo wake kuwa kati ya sentimita za ujazo 729 na 824, kiwango ambacho sehemu yake kubwa inauvuka hata ule mpaka wa Keith.