Mgeni Akikosea: Dhana Zinazowaponza Waongoza Watalii Malindi

"Lakini mwalimu, si alikosea? Nilimwambia ukweli." Utetezi huu nimeusikia kwa vijana ninaowafunza kutembeza wageni mpaka masikio yamechoka.

Wanaamini kwamba mtu akisema kosa ni kumkatiza papo hapo, mbele ya waliopo, maana ukweli hauna aibu. Haya, twende kwenye Nguzo ya Vasco da Gama. Mzee amekuja na wajukuu zake kutoka Nairobi, anawaeleza kwamba rubani aliyemvusha Mreno huyo hadi India mwaka 1498 ni Ahmad ibn Majid. Kijana wangu anadakia: "Hapana, si kweli!" Mzee ananyamaza, wajukuu wanatoa simu, na kuanzia hapo hata umwambie mzee kwamba Lamu ni kisiwa, atakutilia shaka.

Mzee hakuyatunga maneno yale. Aliyaeneza mwandishi mmoja wa Makka katika karne ya 16, yakaingia vitabuni, yakarudiwa miaka nenda miaka rudi. Wanahistoria wengi leo hawayakubali. Basi mjibu hivi: "Mzee wangu, hilo hata vitabuni limo. Ila Barros, mwanahistoria wa Kireno, alimtaja rubani huyo kuwa Mwislamu wa Gujarat. Waliondoka hapa tarehe 24 Aprili, na tarehe 20 Mei walikuwa wameshafika Calicut." Heshima ya mzee imebaki, kosa limepewa asili yake, na wajukuu wamepata kisa kipya cha kushika. Hicho kisa kipya ndicho vijana wanachosahau. Ukimnyang'anya mtu jibu lake bila kumpa jingine, jioni atalirudia lile lile hotelini. Na "hapana" isiwe ya kwanza kutoka kinywani! Darasani kwangu nimeipiga marufuku, wanicheke watakavyo.

Wapo wanaokimbilia upande wa pili: kumrekebisha mkubwa ni utovu wa adabu. Upuuzi. Sema "niwie radhi, mzee," mvute kando ikibidi, lakini usiitikie "naam" kwa jambo unalojua si kweli, na watoto wanasikia.

Wale waliosoma soma kidogo wana yao: eti ukimsahihisha mtu ndiyo kwanza anazidi kulishikilia kosa, kwa hiyo heri unyamaze. Wazo hilo lilivuma baada ya utafiti wa Marekani wa mwaka 2010. Mwaka 2019 watafiti Wood na Porter walichapisha majaribio yaliyohusisha watu zaidi ya 10,000 na masuala 52, na tabia hiyo hawakuiona ila kwa nadra sana. Watu wanasahihishika, wakiambiwa vizuri.

Tena si kila kosa lina haja ya kusahihishwa. Mgeni akichanganya mwaka mmoja na mwingine, mwache apige picha zake. Akiwaambia wenzake kwamba mji wa Lamu ulijengwa na Wareno, hapo basi la wageni lisiondoke kwanza kabla hujamsahihisha.