Kwa nini mzunguko wa pili wa mita 800 huwa wa polepole

Watazamaji wengi wa riadha husubiri mita 100 za mwisho. Mimi kama kocha naangalia saa ya mzunguko wa kwanza, maana mara nyingi mbio zinakuwa zimeshaamuliwa hapo.

Chukua fainali ya Olimpiki ya London, Agosti 2012. David Rudisha aliongoza tangu mwanzo bila sungura, yaani mkimbiaji wa kumwekea kasi. Mita 400 alizipita kwa sekunde 49.28, akamaliza kwa 1:40.91, rekodi ya dunia. Piga hesabu: mzunguko wa pili ulimchukua sekunde 51.63. Alipungua kasi kwa zaidi ya sekunde mbili, na hakukosea kitu. Mbio hizi ni fupi kiasi kwamba ukianza kwa tahadhari, muda uliopoteza huupati tena. Tena mwanzo wa kasi huusukuma moyo na mapafu vifike upeo wake mapema. Baadaye misuli inajaa asidi na miguu inakuwa mizito, utake usitake. Hata yule unayemwona "anachomoka" mwishoni, mara nyingi anapungua kasi kidogo tu kuliko wenzake.

Kilichonivutia zaidi kwa Rudisha ni mita 200 za tatu. Za pili alikwenda kwa karibu sekunde 26. Za tatu, pale ambapo wengine huanza kulegea, akaongeza akazimaliza kwa 25 hivi. Hapo ndipo aliposhindia.

Kwenye mita 10,000 mambo yanageuka. Valencia, Oktoba 2020, Joshua Cheptegei wa Uganda alikimbia 26:11.00: nusu ya kwanza 13:07.73, ya pili 13:03.27. Ni wastani wa sekunde 62.8 kwa kila mzunguko, mara 25. Taa zilizopangwa kwenye ukingo wa ndani wa uwanja zilimwonyesha kasi ya rekodi. Kuna wanaozilalamikia, mimi sioni tatizo, kwani taa haimkingi mtu upepo. Katika umbali huu, sekunde unazokopa mapema unazilipa na riba.

Mita 1,500 ndizo ngumu kuliko zote kuzipangia. Anayeongoza anakata upepo, wa nyuma yake anatunza nguvu, kwa hiyo mbio za ubingwa huwa za kuviziana. Olimpiki ya Rio 2016, Matthew Centrowitz wa Marekani alishinda dhahabu kwa 3:50.00, muda uliokuwa karibu sawa na rekodi ya dunia ya wanawake ya wakati huo, 3:50.07. Filbert Bayi hakutaka mchezo huo. Christchurch, Februari 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Mtanzania huyo alichomoka tangu mlio wa bastola, akaacha pengo, akapita mita 800 kwa takriban 1:52. John Walker wa New Zealand alimkaribia sana kwenye mnyoosho wa mwisho lakini hakumpata: 3:32.16 kwa 3:32.52. Wote wawili walikuwa chini ya rekodi ya dunia ya zamani ya Mmarekani Jim Ryun.

Jakob Ingebrigtsen wa Norway alijaribu hivyo hivyo kwenye Olimpiki ya Paris 2024. Mzunguko wa kwanza aliupita chini ya sekunde 55, kama Bayi, ila safari hii pengo halikupatikana: kundi zima lilimng'ang'ania mgongoni. Mmarekani Cole Hocker akampita kwa ndani, akashinda kwa 3:27.65. Ingebrigtsen alimaliza wa nne.