Unapoambiwa modeli ina usahihi wa asilimia 99: ufafanuzi kwa watumiaji

Malalamiko yanayofikia kitengo chetu cha tathmini ya modeli za kitakwimu, yaani programu zinazotabiri kwa kujifunza kutoka kwenye data za zamani, yameongezeka, na mengi yanafanana. Mtu amepimwa kwa programu ya uchunguzi, akaambiwa huenda anaumwa, kisha kipimo cha uthibitisho kikamkuta mzima. Msimamizi wa mtambo anasema kengele hazinyamazi. Wasambazaji wa umeme wana mfumo wa kutabiri mahitaji, lakini jioni umeme bado haukidhi. Wote wanahitimisha kwamba modeli ni mbovu. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi zaidi hakuna aliyeuliza tukio linalotafutwa ni la nadra kiasi gani, wala nani aliyeweka kizingiti cha uamuzi, yaani kiwango cha uwezekano ambacho kikifikiwa programu inasema “ndiyo”.

Chukua watu 10,000 ambao mmoja katika kila 100 ni mgonjwa. Programu inanasa wagonjwa 90 katika kila 100, na inawatambua wazima 95 katika kila 100. Wagonjwa ni 100, kwa hiyo 90 watanaswa na 10 watapita. Wazima ni 9,900, na asilimia 5 yao, yaani 495, wataambiwa wanaumwa. Waliopewa jibu la kuumwa ni 585, na wagonjwa wa kweli kati yao ni 90 tu, kama asilimia 15. Ipeleke programu hiyohiyo kwenye kliniki ambako mmoja kati ya watano ni mgonjwa, na jibu hilohilo litakuwa kweli kwa takriban asilimia 82. Programu haikubadilika hata kidogo. Waliobadilika ni watu waliopimwa.

Kwa sababu hiyo tunaomba matangazo ya “usahihi wa asilimia 99” yasiambatishwe tena kama ushahidi kwenye maombi ya kibali cha kutumia modeli. Katika kundi lile la kwanza, programu inayomwambia kila mtu kuwa ni mzima bila hata kumtazama ingefikisha asilimia 99 hizo.

Kuhusu kizingiti: modeli hutoa uwezekano, na 0.5 inayokuja na programu si amri ya sayansi. Chukua gharama ya kengele ya uongo, igawanye kwa jumla ya gharama hiyo na gharama ya kukosa tukio. Ikiwa kumkosa mgonjwa kuna hasara mara 9 ya kumsumbua mzima, kizingiti ni 1 gawanya kwa 10, yaani 0.1. Kwenye umeme hesabu ni ileile. Ikiwa upungufu wa megawati moja unagharimu mara 9 ya ziada ya megawati moja, usiandae uzalishaji kwa makadirio ya katikati. Andaa kwa kiwango ambacho mahitaji hayatakizidi katika saa 90 kati ya 100. Anayetumia makadirio ya katikati atapungukiwa karibu nusu ya saa zote, na hapo modeli itakuwa imetimiza ilichoahidi. Mfumo unaotoa namba moja tu haufai kwa kazi hii. Dai viwango vya 10, 50 na 90, yaani vile ambavyo mahitaji hayatavizidi katika saa 10, 50 na 90 kati ya 100, kisha vihakiki: mahitaji yakizidi kiwango cha 90 katika saa 30 kati ya 100, kiwango hicho kimewekwa chini mno.

Kengele za mitamboni zina hesabu yake. Kengele hulia kipimo kikivuka mpaka. Mipaka ya mikengeuko sanifu mitatu (kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika) kila upande wa wastani, kwa vipimo vyenye mgawanyo wa kawaida na visivyotegemeana, hutoa kengele ya uongo mara moja katika vipimo 370 hivi. Inaonekana kidogo. Lakini vihisi 100 vinavyosomwa kila dakika hutoa vipimo 144,000 kwa siku, hivyo kengele za uongo ni karibu 390. Tena kipimo cha dakika hii hufanana na cha dakika iliyopita, na mipaka iliyokokotolewa kwa tofauti za vipimo vinavyofuatana huwa finyu kuliko inavyostahili. Kupanua mipaka kwa kubahatisha hakusaidii. Tengeneza modeli ya mfuatano huo kwanza, halafu weka mipaka kwenye mabaki yake, yaani tofauti kati ya kipimo halisi na kilichotabiriwa.

Sasa utaratibu, ambao tunarudia kuueleza karibu kila siku. Data za majaribio zitenganishwe kabla ya hatua yoyote ya kufunza modeli, ikiwemo kujaza mapengo na kuchagua vigezo. Picha za mgonjwa mmoja zisiwe pande zote mbili, za kufunza na za majaribio. Data za umeme na za mitambo zitenganishwe kwa tarehe, kamwe si kwa kuchanganya ovyo, maana modeli itakuwa imeshaiona kesho. Majaribio yawe na angalau matukio 100 na yasiyo matukio 100. Ambatisha mchoro wa ulinganifu: kati ya waliopewa uwezekano wa asilimia 20, takriban mmoja kati ya watano awe mgonjwa kweli. Mteremko wa mstari wa mchoro huo ulio chini sana ya 1 unaonyesha modeli imekariri data zake. Ombi lenye upungufu wowote kati ya haya linarudishwa bila kusomwa zaidi, na linaanza upya kwenye foleni.

Kubadilisha mashine ya eksirei, aina ya kihisi au kizingiti ni badiliko linalopaswa kuripotiwa kabla ya matumizi. Modeli ya kutambua nimonia inaweza kujifunza alama za mashine ya kubebeka, inayopelekwa kitandani kwa walio hoi, badala ya kuangalia mapafu. Mashine hiyo ikiondolewa, uwezo wake unaporomoka bila onyo lolote kwenye skrini. Asiyeripoti, kibali chake kinasimamishwa hadi majaribio yarudiwe kwa data za mashine mpya.