Mizani ikigoma kwenye kilo tatu za mwisho

"Dokta, mizani imegoma."

Mimi ni mtaalamu wa lishe, si daktari, ila wateja wangu wengi hapa Dar es Salaam huniita hivyo. Aliyesema maneno hayo ni mama wa miaka arobaini na kitu, na ameniridhia niandike habari yake bila kumtaja. Alianza na kilo 88, akafika 75 kwa miezi saba. Zilibaki tatu tu afike 72, na hapo akakwama wiki sita. Nakumbuka alivyoshuka kwenye mizani siku ile. Alivaa viatu vyake taratibu bila kuniangalia, kisha akasema, "Nadhani ari imeniishia. Labda ndivyo nilivyoumbwa."

Nimeyasikia maneno ya namna hii mara nyingi mno, na karibu kila mara yanatoka kwa mtu aliyebakiza kilo mbili, tatu au tano. Huwa yananiuma, kwa sababu anayeyasema anajihukumu kwa kosa ambalo hajalitenda. Tukikaa na kalamu na karatasi, hesabu inaeleza jambo tofauti kabisa.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700. Alipoanza, tulipanga ale pungufu ya matumizi yake kwa kalori kama 600 kwa siku. Kwa wiki ni 4,200, yaani zaidi ya nusu kilo. Jumlisha maji yanayotoka wiki za mwanzo, unapanda mizani unakuta kilo nzima imeondoka. Nani asipate ari hapo?

Lakini mwili wa kilo 75 hautumii chakula sawa na mwili wa kilo 88. Kwanza umekuwa mdogo, halafu wenyewe unajifunga mkanda. Seli za mafuta hutoa homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake pale Rockefeller University, New York. Mafuta yakipungua, leptini inashuka, na ubongo unachukulia kwamba njaa imeingia nchini. Unabana matumizi, unakufanya uchague kukaa pale ambapo zamani ungesimama, na hata hujui kama umebadilika. Kwa makadirio ya Kevin Hall, aliyekuwa mtafiti wa serikali ya Marekani, na wenzake, kila kilo unayopungua hushusha matumizi ya mwili kwa kalori 20 hadi 30 kwa siku. Chukua 25, zidisha kwa kilo 13, unapata 325. Zile 600 zetu zimebaki 275. Kwa wiki hiyo ni robo kilo ya mafuta, kama robo ya sukari unayopimiwa dukani. Kilo tatu kwa mwendo huo ni wiki 12, tena bila kuteleza hata siku moja.

Na kuteleza kunakuja kwenyewe. Mwaka 2016 Hall na wenzake walichapisha uchambuzi wa watu wenye kisukari waliokuwa wakimeza dawa inayotoa sukari kwa njia ya mkojo. Kalori ziliwatoka kila siku bila wao kujinyima chochote, wala hawakujua. Bado walianza kula zaidi, takriban kalori 100 kwa siku kwa kila kilo iliyowatoka. Maana yake hamu ya kula ilipanda zaidi ya mara tatu ya kiasi ambacho matumizi yalishuka. Ndiyo maana simwambii mtu aliyefika hapo ajikaze. Amekwisha kujikaza kuliko anavyojua.

Nilimwomba yule mama niende jikoni kwake. Nilimkuta anapika mchicha wa watu wanne. Aliposhika chupa ya mafuta nikamwambia, "Mama, mimina kama unavyomimina kila siku, ila safari hii mimina kwenye kikombe." Kisha tukayapima kwa kijiko kikubwa. Vilifika sita. Miezi saba nyuma tulikubaliana vitatu, na kile kijiko cha kupimia kilikuwa bado kinaning'inia kwenye msumari wake ukutani, kimeshika vumbi la moshi. Kijiko kikubwa cha mafuta ni kalori 120 hivi. Vitatu vya ziada ni 360, ukigawa kwa walaji wanne ni 90 kila mmoja. Mchana na usiku, 180. Kwenye zile 275 zikabaki 95, ambazo kwa wiki ni gramu 86 za mafuta ya mwili. Uzito wa yai moja na nusu.

Alikitoa kijiko msumarini, akakifuta kwa kanga. "Kumbe sijaharibu kitu kikubwa."

Hakuwa ameharibu. Sasa zitafute hizo gramu 86 kwenye mizani. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, na kila gramu ya akiba hiyo hushika gramu tatu hivi za maji. Pilau la shughuli Jumamosi, chumvi kuzidi kidogo, siku chache kabla ya hedhi, choo kilichochelewa: mambo hayo yanaweza kupandisha mizani kilo moja au zaidi kwa siku mbili, kisha kuishusha tena. Mwanzoni ulikuwa unaletewa habari njema kila wiki. Sasa kazi inaendelea, lakini mizani haina tena uwezo wa kukuletea habari, kwa sababu maji yanapanda na kushuka kuliko mafuta yanavyotoka. Naamini kwa dhati kwamba hapo ndipo ari inapofia. Mtu anaweza kuvumilia njaa kwa muda mrefu akiona matunda, na hakuna anayeweza kuivumilia kwa wiki sita za ukimya.

Kwa hiyo tulitafuta habari mahali pengine. Alijipima kila asubuhi baada ya choo na kabla ya chai, akaandika, lakini tulisoma wastani wa siku saba tu na kuulinganisha na wa wiki nne zilizopita. (Wapo ambao namba moja mbaya huwaharibia siku nzima. Hao nawaondolea mizani kabisa.) Kila wiki mbili tulipima kiuno kwa futi ya fundi cherehani. Siku ile kilikuwa sentimita 86. Shirika la Afya Duniani linaweka alama ya hatari kuanza kupanda kwenye 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanaume.

Namba hiyo ya kiuno ilinifanya nimuulize: 72 imetoka wapi? Ilikuwa kilo zake alipoolewa. Naielewa hamu hiyo, lakini mwili haudaiwi namba ya harusi. Kwenye utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, watu waliokaribia kupata kisukari walipewa lengo la kupungua asilimia 7 na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, na hatari ya kupata ugonjwa ikashuka kwa asilimia 58. Yeye alikuwa amekwisha kupungua karibu asilimia 15. Tukaifuta 72 kwenye daftari, tukaandika kiuno 80.

Nikampa pia wiki mbili za kupumzika, ale kiasi cha kubaki alipo. Watafiti wa University of Tasmania waliwahi kupata kwamba wanaume wanene waliopumzika hivyo kila baada ya wiki mbili walipungua zaidi ya wasiopumzika. Tafiti za baadaye hazikukubaliana zote, na mimi sitegemei hilo. Ninachotaka ni mtu ajifunze kubaki alipo, maana hiyo ndiyo kazi atakayoifanya miaka yote ijayo. Aliogopa sana. "Si nitarudi 88?" Wiki ya kwanza alipanda gramu 700, wiki ya pili akatulia palepale.

Kama una ujauzito, unanyonyesha, au unatumia dawa za sukari au presha, zungumza na daktari wako kabla ya kupunguza chakula, kwa sababu dozi inaweza kuhitaji kubadilishwa. Na kama unapungua bila kujaribu, nenda hospitali.

Wiki kumi baada ya siku ile ya mchicha, wastani wake ulikuwa 73.6 na kiuno 82. Juzi amenipigia simu kutoka kwa fundi, alikopeleka gauni la kitenge lipunguzwe kiuno. Fundi alikuwa amefungua daftari lake, akatazama kipimo cha mwaka jana, kisha akampima upya mara mbili.