Utaratibu wa kulala kwa mtoto mdogo ni nini?

Utaratibu wa kulala ni mambo matatu hadi matano yanayofanywa kila usiku, kwa mfuatano uleule, kabla mtoto hajalala. Si saa ya kulala. Mtoto wa miaka miwili hajui saa 2:00 usiku ni nini, lakini anajua kwamba akishaoga huvishwa nguo za kulalia, akishavaa hupigwa mswaki, na baada ya mswaki chandarua hushushwa. Mfuatano huo ndio saa yake.

Wote uchukue nusu saa hivi. Ukifika saa nzima, mtoto ameshaugeuza mchezo. Chakula kitangulie mapema. Halafu maji ya uvuguvugu, dakika tano mpaka kumi: ngozi ikipata joto damu huja juu, naye akitoka majini joto la ndani ya mwili hushuka, na kushuka huko huleta usingizi. Mswaki uwekwe dawa yenye floraidi kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka mitatu, punje ya njegere kwa aliyevuka hapo. Akojoe. Chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote. Mwisho hadithi moja, taa imezimwa au imefifia: “Paukwa!” “Pakawa!” Sauti ishuke kadiri hadithi inavyosonga. Akidai ya pili, ni ya kesho.

Panapoharibika zaidi ni hapo mwisho. Mtoto aliyezoea kusinzia mgongoni mwa mama, au titi likiwa mdomoni, huona hiyo ndiyo njia pekee ya kulala. Usiku kila mtu huzinduka kidogo mara kadhaa. Mtoto mdogo huweza kuzinduka kila baada ya saa moja hivi. Akikuta mgongo haupo, analia, hata kama hana njaa wala homa. Kwa hiyo alazwe macho yakiwa mazito lakini hayajafumba. Kubembeleza si kosa. Mwimbie, mpapase, ila umwachie hatua ya mwisho aimalize mwenyewe. (Mchanga wa miezi michache ni habari nyingine, huyo huamka kunyonya, na anyonyeshwe.)

Kisha kuna runinga. Mwanga wake huchelewesha melatonini, homoni ya usingizi, na tamthilia huanza wakati ule ule wa kulala. Wanaoishi chumba kimoja watundike kanga kati ya kitanda na runinga, wapunguze sauti. Chai ya rangi jioni nayo ina kafeini; uji unatosha.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linataka mtoto wa miaka mitatu au minne apate jumla ya saa 10 hadi 13 za usingizi kwa siku, pamoja na ule wa mchana. Anayeamshwa saa 12:00 asubuhi kwenda chekechea basi awe amelala ifikapo saa 2:00 usiku. Akipitiliza, hasinzii: hurukaruka, hucheka na kulia kwa pamoja, watu wakasema leo hana usingizi. Usingizi ulishampita. Kesho yake anza nusu saa mapema.

Mkiwa safarini au wageni wamejaa nyumbani, fupisha, usiruke: mswaki, chandarua, paukwa.