Kupanda Muhavura peke yako kwa siku moja: maswali yanayokuja kila kiangazi

Juni ikifika, ujumbe huwa ni ule ule. Mtu yuko Kampala, amepata likizo ya siku tatu, wenzake wamemkimbia dakika ya mwisho, naye kaamua kwenda Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda, kupanda Muhavura hivyo hivyo. Mlima huu wa volkano una mita 4,127, unawapita wenzake wa hifadhi ya Mgahinga, yaani Sabinyo na Mgahinga yenyewe, na watu huupanda na kushuka siku hiyo hiyo. Nimekusanya hapa yale yanayohusu afya.

Wataniruhusu kweli kupanda peke yangu?

Peke yako kabisa, hapana. Utapewa askari wa wanyamapori, maana msituni kuna nyati na ndovu. Lakini kiafya bado uko peke yako, kwa sababu askari huyo hakujui. Hajui kama ukimya wako ni tabia au ni dalili. Rafiki angekutazama usoni tu akasema, "Wewe leo huko sawa."

Ndiyo maana kabla hamjaondoka getini umwambie mambo matatu: ugonjwa ulio nao, dawa zako na mfuko zilimo, na saa ya kugeuka. Mimi husema saa saba mchana, popote mtakapokuwa mmefika, kwa kuwa kwenda na kurudi ni mwendo wa saa nane hivi na giza huku huingia saa moja jioni. Mwahidi pia kwamba akisema tushuke, hutabishana. Ahadi hiyo itoe ukiwa chini. Kule juu hewa haba huanza na akili, na mwenye kuathirika ndiye wa mwisho kukubali.

Nacheza mpira kila Jumapili. Hewa haba itanifanya nini?

Itakufanya kama inavyomfanya asiyecheza, na pengine zaidi, kwa sababu wewe utakwenda mbio. Oksijeni hewani ni asilimia 21 Kampala na asilimia 21 kileleni. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Pale juu umebaki kama asilimia 60 ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inakuletea oksijeni kidogo. Misuli ya mpira haibadilishi hesabu hiyo. Kinachosaidia ni kulala Kisoro usiku mmoja, bora miwili, maana mji wenyewe uko kwenye mita 1,900 hivi, na kupanda kwa mwendo unaokuwezesha kuzungumza sentensi nzima bila kutweta.

Kushuka kutoka basi la usiku na kwenda moja kwa moja mlimani nakukataza. Hujalala, hujanywa maji, na unaanza siku ukiwa na kichwa kizito tayari.

Kichwa kikiniuma, nitajuaje ni uchovu au ni mlima?

Ukiwa juu ya mita 2,500, hesabu kuwa ni mlima hadi ithibitike vinginevyo. Simama, kunywa maji, kula kitu, pumzika nusu saa. Parasetamoli unaweza kumeza. Kikipoa, endelea polepole. Kisipopoa, au kikiongezeka kichefuchefu, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida, usipande hata hatua moja zaidi. Faida ya safari ya siku moja ni kwamba dalili hizi mara nyingi huchukua saa kadhaa kujitokeza, na wengi huumwa kichwa jioni wakiwa tayari wameshuka hotelini.

Hatari kubwa, yaani ubongo kuvimba au mapafu kujaa maji, si ya kawaida kwa anayerudi siku hiyo hiyo, ila haisamehi. Ubongo una kipimo rahisi. Chora mstari kwenye vumbi kwa fimbo, kisha utembee juu yake hatua kumi, kisigino cha mguu wa mbele kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Jaribu siku moja kabla, uani hotelini, ujue hali yako ya kawaida (wapishi watakucheka, waache). Ukiyumba au ukitoka mstarini mlimani, shuka papo hapo, umeshikwa mkono. Kwa mapafu, angalia pumzi isiyotulia hata ukiwa umekaa, na kikohozi chenye povu au damu. Dawa ya yote mawili ni kushuka, kisha hospitali.

Ni kiangazi. Baridi inatoka wapi?

Joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Toka Kisoro hadi kileleni ni pungufu ya nyuzi 13 au 14, na bado hujahesabu upepo wala ukungu. Kinachowaponza watu ni jasho: fulana ya pamba imelowa, unafika juu, unakaa kupiga picha, na baada ya dakika chache unatetemeka.

Kijana mmoja niliyepanda naye alisimama akihangaika na zipu ya koti lake, vidole vimekuwa kama vya mtu mwingine, huku akicheka. Kicheko hicho na zipu hiyo ndizo dalili. Tulimvua fulana, tukamvika sweta kavu na kofia, tukamlisha chapati na sukari guru, tukashuka.

Koti zito la mtumba utalipata soko la Owino, Kampala, kwa bei nafuu. Weka na fulana kavu ndani ya mfuko wa plastiki. Waragi, ile pombe kali ya kujipasha moto, iache: inafungua mishipa ya ngozi, unahisi joto wakati mwili unalipoteza. Na jua usilidharau, kwani mionzi yake huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000, hata kwa ngozi nyeusi. Midomo hupasuka kwanza.

Maji kiasi gani?

Lita mbili hadi tatu, ukinywa kila kiu inapokuja. Ukijilazimisha kunywa kupita kiasi, chumvi ya damu hushuka, na hilo nalo huleta maumivu ya kichwa na kutapika. Pakiti moja ya ORS (chumvi ya kurudisha maji mwilini) inatosha kuwa nayo. Maji ya kileleni, ya kiziwa kilicho ndani ya kreta (shimo la volkano), usiyanywe bila kuchemsha.

Nani asipande?

Mwenye selimundu, tunayoiita siko seli: oksijeni ikipungua, chembe nyekundu za damu hujikunja na kuziba mishipa. Hata aliyerithi vinasaba vyake kwa mzazi mmoja tu amwone daktari kwanza. Akipata maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, ashuke mara moja. Mjamzito, mwenye moyo mgonjwa au presha isiyotulia nao waulize. Mwenye pumu abebe pampu yake mfukoni, si kwenye begi. Kuna dawa ya kuzuia, asetazolamidi, lakini ni ya kuandikiwa na daktari, na mwenye mzio wa dawa za salfa amweleze.

Na volkano yenyewe?

Muhavura imelala. Zinazowaka ni Nyiragongo na Nyamulagira, ng'ambo, upande wa Kongo. Udongo wa volkano huweza kuvimbisha miguu ya wanaoulima pekupeku miaka mingi, lakini wewe wa siku moja, tena na buti, hauna shida nawe.

Nimerudi Kampala, siku mbili baadaye nina homa. Ni mlima?

Dalili za mlima huisha ukishuka. Nenda ukapime malaria leo leo. Vimelea huchukua angalau siku saba tangu kuumwa na mbu hadi homa, kwa hiyo mwambie daktari ulilala wapi wiki mbili zilizopita, si Kisoro tu.